Mita Nane kwa Mita Moja

Kwa miezi saba nilimdanganya mamangu kila Jumapili jioni. Alikuwa anapiga simu kutoka Mbeere, anauliza masomo yanaendaje, na mimi nikiwa nimelala kwenye godoro la rafiki pale Makutano, Meru, najibu, "Yako sawa, Mami." Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo katikati ya mwaka wa tatu. Hakuna aliyenifukuza. Nilikosa mitihani, nikaogopa kwenda kuuliza nifanye nini, halafu nikapata kazi ya kuandikia watu makala mtandaoni na nikajiambia hii ndiyo njia yangu. Lakini kitambulisho cha chuo sikukitupa. Kilikaa kwa waleti, nyuma ya kile cha taifa. Huwezi jua.

Karo yangu ilitoka kwa muguka. Kama ulifuatilia habari Mei 2024, unakumbuka Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, hadi Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Kwenu labda zilikuwa habari tu. Kwetu zilikuwa magunia yanayokauka uani na wanunuzi wasioshika simu. Na bado, semista ilipokaribia, mamangu alinitumia elfu kumi na nane. Nikanunua laptopu ya mitumba.

Februari iliyofuata, kazi ikanipeleka Iten. Jamaa mmoja anayerusha watalii kwa paraglaida alitaka maneno ya kuweka kwenye ukurasa wake, na badala ya kunilipa pesa yote, akaniambia nusu atanilipa kwa kuniruka naye. Paraglaida ni lile bawa la kitambaa linalofanana na parashuti, ila halikuangushi tu, linapaa. Halina injini. Mnafungwa pamoja, abiria mbele, rubani nyuma. Iten kila mtu mwenye jezi anaitwa kocha, kwa hivyo nami nikamwita hivyo.

Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, halafu mji unaisha ghafla. Ukingo unakatika na Bonde la Kerio linafunguka zaidi ya mita elfu moja chini yako. Ng'ambo unaona milima ya Tugen, na Kabarnet iko kule juu. Miezi hii ya kiangazi marubani hutoka hadi Ulaya kuja kuruka hapa, kwa sababu jua likichoma bonde, hewa moto inapanda kwa nguzo wanazoziita thamo. Ukiipata moja na uzunguke ndani yake, inakubeba kama lifti.

Nilidhani sehemu ngumu ni kukimbia hadi ukingoni. Wapi! Hiyo ni hatua sita tu na hata huna muda wa kuogopa. Tukaanza kuelea mbele ya mwamba, kulia, kushoto, kulia tena. Upepo ukigonga ukingo hauna pa kwenda ila juu, kwa hivyo ukikaa hapo karibu unaweza kukaa saa nzima na urudi kutua ulikotokea. Nikaanza kupiga picha. Nikasema hii kitu ni rahisi.

"Hapa bado uko nyumbani," kocha akasema. "Hii si safari."

Halafu akaonyesha ndege wawili waliokuwa wakizunguka bila kupiga bawa. Mwewe. Nyumbani mamangu huwarushia mawe kwa ajili ya vifaranga vyake. Hapa kocha aliwafuata kama vibao vya barabarani. Kifaa chake kikaanza kulia pii-pii-pii, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mabati ya Iten yakawa madogo kama sarafu.

"Tuvuke?" akauliza.

Akanieleza hesabu. Bawa letu lilikuwa linaenda mbele kama mita nane kwa kila mita moja linayoshuka, kama hewa imetulia. Ukiacha ukingo kuelekea katikati ya bonde, kuna mahali utafika ambapo hesabu ya kurudi inakataa. Hakuna mstari umechorwa, lakini upo. Kabla yake unaweza kugeuka. Baada yake, ukigeuka hufiki kokote, kwa sababu umeshalipa urefu wa kwenda na sasa unalipa wa kurudi. "Wengi hawaanguki kwa kwenda," akasema. "Wanajiharibia kwa kwenda nusu."

Nikasema tuvuke. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Kulikuwa kimya sana huko kati. Kisha kifaa kikabadilisha sauti, kikaanza kunguruma. Tulikuwa kwenye hewa inayoshuka. Mwili wangu wote ulitaka tupunguze mwendo. Kocha akaongeza. Akaniambia ukikaa polepole ndani ya hewa mbaya unaishia kukaa humo zaidi. Unapita haraka, unatafuta hewa nyingine mbele.

Lakini kitu nilichokumbuka zaidi baadaye ni kingine. Wakati wote huo alikuwa akinung'unika peke yake: "Lile shamba jeupe. Hapana, kuna nyaya za stima. Lile la mbuzi." Kila dakika alikuwa na mahali pa kutua mfukoni. Moshi wa mtu anayechoma makaa ulimwambia upepo uko wapi. Kumbe kujitolea kwenda hakumaanishi kufunga macho. Alikuwa ameachilia mahali pamoja tu, pale tulipotoka.

Mimi nilikuwa nimefanya kinyume. Sikuwa nimechagua shamba lolote la kutua, na bado nilikuwa nimeshikilia ukingo kwa kitambulisho kilichokwisha muda. Miezi saba katikati ya bonde, nikigeuza kichwa nyuma kila Jumapili.

Tugen hatukufika. Tulipata thamo moja dhaifu juu ya mawe, ikatuinua kidogo, ikaisha. Tukatua kwenye lile la mbuzi, magoti yangu yakigonga vumbi, joto likiwa kama mtu amefungua jiko. Watoto walitoka kwenye migunga wakikimbia. Kocha hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Alikunja bawa, akanunua soda, akatafuta pikipiki. Tulichovuka angani kwa dakika chache kilituchukua alasiri nzima kurudi, kupanda kona za Tambach na bawa mgongoni.

Ilikuwa Jumapili. Simu ilipolia nilikuwa nimekaa kitandani gesti, bado na vumbi.

"Masomo?"

"Mami, niliacha chuo. Tangu Julai."

Kimya. Nikasikia kuku nyuma yake. Nilitamani kukata na kusema mtandao ulipotea. Badala yake nikaendelea, nikamwambia na ya elfu kumi na nane, na laptopu, na kazi ninayofanya na vile inalipa, ambayo si sana.

"Hiyo pesa," akasema mwishowe, "niliuza mbuzi wawili kuongezea. Hukujua."

"Sikujua."

"Basi utanirudishia mbuzi. Sitaki M-Pesa. Mbuzi."

Akakata. Wiki tatu hakupiga, na mimi nikipiga hashiki.

Aprili nilipanda matatu Meru kuelekea Embu. Ile barabara inateremka mtoni na kupanda tena, inateremka na kupanda: Mutonga, Nithi, Thuci. Nilishukia Embu, nikaunganisha hadi Mbeere, nikapitia soko la mifugo. Mamangu alimkagua yule mbuzi meno na kwato kabla hajanisalimia.

"Amekonda," akasema. Kisha akanionyesha pa kumfunga.

Bado nadaiwa mmoja.