Baiskeli ya Safari ya Hisani: Kutoka Gisenyi Hadi Rusizi

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, umelala ufukoni mwa Ziwa Kivu, ukipakana ubavu kwa ubavu na Goma ya Kongo. Hapo mpakani huonekana chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na mnyororo wala kanyagio, kinachobeba viazi na makaa. Chukudu hushuka mlima kwa uzito wake wenyewe. Kupanda, hapana budi kusukumwa. Mwenye kutafuta baiskeli ya safari ndefu angefanya vyema kukitazama chombo hicho kabla hajaingia sokoni.

Kutoka Rubavu njia iitwayo Congo Nile Trail huelekea kusini kilomita 227, ikipitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi. Ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyolizunguka havina huruma. Wapo wanaopita njia za namna hii ili kuchangisha fedha za yatima, wagonjwa au shule. Hapo ndipo ugumu ulipo: fedha inayozidi katika ununuzi wa baiskeli ingeweza kumfikia yule anayechangiwa; na baiskeli dhaifu nayo humwacha msafiri kando ya barabara, ahadi yake haijatimia.

Wengi huikimbilia baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na gia, ile inayotumiwa na wachukuzi wa abiria, ambao Wanyarwanda huwaita abanyonzi. Bei yake ni nafuu, vipuri vyake vimejaa, na kila fundi anaijua. Lakini tufanye hesabu. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma 22, mzunguko mmoja wa kanyagio huipeleka baiskeli karibu mita 4.4. Katika uwanda ni jambo jema; katika mlima wa Rutsiro ni mzigo, na mpandaji hushuka akasukuma kama mwenye chukudu. Baiskeli ya mlimani yenye meno 22 mbele na 32 nyuma huenda pungufu kidogo ya mita moja na nusu kwa mzunguko huo huo. Mwendo ni wa kobe, lakini mtu hubaki juu ya tandiko.

Wazo hili si geni nchini humo. Baada ya kuizuru Rwanda mwaka 2005, Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli wa California, alibuni baiskeli ndefu zenye gia kwa ajili ya wakulima wa kahawa, ili magunia yao yapande na kushuka vilima.

Kwa mwenye mfuko mdogo, basi, yafaa baiskeli ya mlimani iliyotumika, yenye fremu ya chuma, kwani chuma kikipasuka mchomeleaji wa kijijini hukiunga. Rangi mpya isimlaghai mtu. Akague maungio ya fremu, asije akakuta ufa chini ya rangi. Mnyororo aupime: viungo 24 vya nusu inchi vinapaswa kuwa inchi 12 kamili; vikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, umekwisha. Azungushe gurudumu aone kama rimu inayumba, kisha apitishe kidole pale breki inaposugua. Pakiwa na bonde, rimu imelika. Rimu za alumini ni bora, kwa maana zile za chuma zikilowa breki huteleza, na mvua za Machi hadi Mei si za kubishana nazo.

Breki zina jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kwa desturi ya Uingereza mkono wa kulia hukamata breki ya mbele. Kwa desturi ya Ulaya bara ni wa kushoto. Baiskeli za mitumba hutoka pande zote mbili. Anayekosea mkono kwenye mteremko huruka juu ya usukani. Mtu wa Kenya, Uganda au Tanzania akumbuke pia kwamba Rwanda huendesha kulia.

Urefu usidharauliwe. Akisimama ameipanua miguu juu ya fremu, nyayo zote mbili ziguse ardhi bila mwili kubanwa. Akiketi, goti lipinde kidogo tu kanyagio linapokuwa chini. Baiskeli ya baba haimfai mama kwa sababu tu imo nyumbani.

Fedha itakayobaki itumike kwa tairi mpya, tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, pampu, spoku chache na waya za breki. Siku ya kuondoka isiwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani asubuhi hiyo Wanyarwanda wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya taifa, na shughuli za barabarani na sokoni hutulia hadi kazi iishe.