Memories of Murder: uzuri wake, na pale iliponikera

Mitihani imeisha na hosteli nzima inalala tu. Chumbani kwetu tukaona tujipongeze kwa muvi, watu sita tumebanana mbele ya laptopu moja. Aliyeileta alituambia ni ya upelelezi na tutacheka. Kucheka tulicheka kweli, ila mwanzoni tu...

Inaitwa Memories of Murder, ya Korea Kusini, ilitoka 2003. Mwongozaji ni Bong Joon-ho, yule yule ambaye Parasite yake ilichukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Kisa kinatokana na mambo ya kweli: kati ya 1986 na 1991 wanawake na wasichana kumi waliuawa huko Hwaseong, na muuaji hakupatikana. (Kama hujaiona na hutaki nikumalizie utamu, ishia hapa!)

Nianze na uzuri. Mpelelezi Park anajigamba kwamba akimtazama mtu machoni tu anajua kama ana hatia. Bosi wake anamwonyesha vijana wawili wamekaa pamoja: mmoja mbakaji, mwingine kaka wa msichana aliyebakwa. Haya, yupi ni yupi? Filamu haitoi jibu! Nilikodoa macho nikaambulia patupu. Na jinsi uzembe ulivyoonyeshwa, dah: trekta linapita juu ya alama ya kiatu huku polisi wanapiga kelele. Usiku ambao wanahitaji askari wa ziada, askari wako kuzima maandamano. Hakuna jini wala shetani humo, lakini inatisha maana unaona kabisa muuaji anavyoponyoka.

Sasa kasoro. Ya kwanza, wanawake. Waliouawa tunawaona wakiwa maiti, maisha yao hatuyajui. Hata yule askari wa kike aliyegundua kwamba wimbo fulani hupigwa redioni usiku wa mauaji, filamu inamwacha njiani.

Ya pili ndiyo iliyonikera zaidi. Kuna kijana mwenye ulemavu wa akili anapigwa mateke ili akiri, na kipigo kinapambwa kama kichekesho. Chumba kizima kiliangua kicheko. Baadaye inajulikana kijana yule alikuwa shahidi, aliona kwa macho yake, na hapo amekwishajawa na hofu mpaka anagongwa na treni. Mtaniambia ndio ufundi wenyewe, tucheke kisha tujute. Sawa, lakini askari wanaopiga wamepewa nafasi kubwa ya kuhurumiwa kuliko anayepigwa.

Nasema hivi kwa sababu ya yaliyotokea kweli. Mwaka 2019 vipimo vya DNA vilimfichua muuaji, Lee Choon-jae, ambaye tayari alikuwa gerezani kwa kumuua shemeji yake mwaka 1994. Wakati huo huo kuna mtu aliyekamatwa 1989 kwa mojawapo ya mauaji yale, mwenye ulemavu wa mguu, akalazimishwa kukiri. Alikaa jela kama miaka 20, akatoka 2009, na mahakama ikamsafisha Desemba 2020. Ujana wote umeenda hivyo!

Walimu wenzangu watarajiwa, hili linatuhusu. Nilipokuwa field, hela ya mwanafunzi ilipotea darasani. Wa kwanza kuitwa ofisini alikuwa mtoto mwenye kigugumizi. Sababu? Eti "haangalii watu usoni". Alikula viboko, na mpaka naondoka hela haikuonekana. Hakuna aliyemwambia pole.

Mwishoni Park anatukodolea macho sisi watazamaji, anatafuta muuaji. Wengi wanaisifu hiyo picha, na mimi naisifu. Ila baada ya kuujua ukweli naona macho yake ni yale yale yaliyomponza. Itazameni, inastahili. Mkifika kwenye mateke, angalieni nani anacheka.