Malaika ya Kibodi

Katika hoteli za Diani, miaka ya 1980, bendi iliyojua kukopi ndiyo iliyokula. Nyimbo zako mwenyewe ungewapigia watu wa Ukunda siku ya mapumziko. Usiku, kando ya bwawa la kuogelea, mgeni alitaka anachokijua. Tulikuwa na magitaa, dramu, na mzee mmoja wa Msambweni aliyepiga konga kwa mikono iliyolelewa na sengenya ya Kidigo. Malaika hatukulala bila kuipiga. Wakiwapo maharusi wa fungate, tuliirudia.

Tuliuona wimbo ule kuwa wetu. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa Adam Salim wa Tanzania naye alidai ndiye mtunzi, na Miriam Makeba akauvusha bahari. Halafu mwaka 1981 Boney M, kundi la disko lililoundwa Ujerumani na prodyuza Frank Farian, likautoa kwa namna yake. Mwaka 1983 likachukua na Jambo Bwana, wimbo wa Them Mushrooms, vijana wa pwani hii hii waliopiga mahotelini kama sisi. Basi Wajerumani wakawa wanatua Mombasa na Malaika yao kichwani. Walituomba tuipige "vizuri", yaani kama kwenye kaseti. Tukanunua kaseti, tukaketi kuwakopi waliotukopi! Zile sauti laini za sinthesaiza tulizitafuta kwenye gitaa hadi vidole vikaota sugu. Wapi.

Ndipo meneja akaleta kibodi. Mkono wa kushoto unashika kodi, mashine inajipigia ngoma na besi: rumba, bosanova, valsi, ni kubonyeza tu. Baadaye zikaja za disketi, wimbo mzima umo ndani, kazi yako kuimba juu yake. Mchana tuliifunika kwa leso, maana hewa ya chumvi haina huruma na vitufe.

Mzee wa konga aliisikiliza, mikono nyuma. "Mwanangu," akaniambia, "hiki chombo hakiangalii miguu ya watu." Katika sengenya mpigaji humtazama mchezaji, akiona amepamba moto humwongezea, akichoka humpunguzia. Kibodi humaliza wimbo hata uwanja ukiwa mtupu. Lakini haidai nauli wala chakula cha usiku, na hoteli ilishapiga hesabu zake. Tulibaki wawili, mimi kwa sababu ya sauti. Mzee aliambiwa ataitwa msimu wa Krismasi. Hakuitwa.

Usiku mmoja stima ilipotea katikati ya Malaika. Jenereta iliponguruma, kibodi ikaamka na mdundo iliotoka nao kiwandani, sijui polka, sijui machi, na wazee wawili wa Kizungu wakaendelea kucheza bila wasiwasi wowote.

Kisha zikaja ghasia za Likoni, Agosti 1997. Wageni wakakimbia, hoteli za kusini zikabaki vitanda vitupu, nyingine zikafunga. Ile kibodi ikauzwa pamoja na viti vya baa, nami nikainunua.

Malaika bora kwangu ni ya magitaa na konga, na hapo sibishani na mtu. Ila ukinialika harusini Msambweni nitakuja na kibodi: inaingia kwenye tuktuk, na malipo hayagawanywi.