Je, Programu Hujengwa Kama Ghorofa?

Kila mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba sitiari si pambo tu. Humwelekeza anayeitumia namna ya kufikiri, na mara nyingine humpotosha. Sitiari inayonishughulisha hapa ni ile isemayo kwamba programu ya kompyuta "hujengwa". Twasikia kila siku kwamba fulani "amejenga" mfumo, na kwamba mfumo huo una "msingi" imara. Tangu kongamano la Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, wataalamu walipojadili kwa nini programu zilichelewa na kugharimu kupita kiasi, wengi wametamani kazi hii isimamiwe kama ujenzi wa jumba: ramani kwanza, bei na tarehe zifuate, kisha mafundi waanze.

Hapa Witeithie ninakoishi, tamaa hiyo imemgharimu jirani yangu. Chama kimoja cha akiba, ambacho mwenyekiti wake ni mkandarasi, kilimpa kazi ya kutunga mfumo wa mikopo kwa mkataba uliotaja kila ukurasa na kila tarehe. Mwezi wa tatu, wanachama walipouona mfumo kwa macho yao, ndipo walipokumbuka kwamba wao hudhaminiana watatu watatu, jambo ambalo hakuna aliyelitaja mwanzoni. Mkataba haukuruhusu badiliko. Kazi ikakwama, na salio lake hajalipwa hadi leo.

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Katika ujenzi anaoujua, ukishapanga mawe ya Ndarugo hadi orofa ya tatu, huwezi kuuhamisha msingi. Ramani hutangulia kwa sababu kuchora ni rahisi na kubomoa ni ghali. Katika programu, kazi ya mwashi hufanywa na mashine: kompyuta huyageuza maagizo yaliyoandikwa yakawa programu tendaji kwa muda mfupi tu. Kinachobaki mikononi mwa binadamu ni kuchora. Basi anayedai ramani kamili kabla ya kazi kuanza, anadai kazi iishe kabla ya kuanza. Sisi tunaoandika twalielewa hili upesi. Aghalabu mswada wa kwanza ndio humfunulia mtunzi alichokusudia kusema.

Ushahidi hauko mbali. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone waliijaribu M-Pesa kwa wateja wasiofika 500 wa shirika la mikopo midogo, Faulu, na Thika ilikuwa miongoni mwa mahali pa majaribio. Ilikusudiwa kulipia mikopo. Wateja, kwa werevu wao, wakaanza kuitumia vingine: huyu akamlipia mwenzake, yule akaweka fedha kabla ya safari na kuzitoa alikofika. Huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, kiini chake kilikuwa kutumiana fedha, na ulipaji wa mikopo ulikuwa umewekwa kando. Sijaona ghorofa la wapangaji likigeuzwa soko kwa muda kama huo.

Hata hivyo, siafikiani na vijana wanaoidharau hekima yote ya mjengo. Tarehe 4 Machi 2013, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi, kisha utumaji wa matokeo kwa mtandao ukasimama. Maafisa wakarejea kwenye sajili za karatasi na fomu zilizopelekwa Bomas kwa mkono. Siku ya uchaguzi haiahirishwi ili fundi arekebishe. Kwenye mjengo, mhandisi hukagua vyuma kabla ya zege kumwagwa, kwa kuwa baadaye havitaonekana tena.

Lau ningeuandika mkataba wa jirani yangu, ningefuta orodha ya kurasa na kuweka kifungu cha ukaguzi. Kila majuma mawili wanachama waketi mbele ya mfumo, wakope, walipe, wakosee makusudi. Mweka hazina ahesabu kama shilingi zimetimia. Kisha kazi ya majuma hayo ilipwe. Mwenyekiti, bila shaka, angeuliza jumla itafika wapi. Ana haki. Kikomo cha fedha kiandikwe, naye jirani akitie sahihi.