Nyimbo za gitaa za ujana wetu

Sisi tuliozaliwa katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, karibu na mwaka 1957, tulilelewa na nyimbo za namna mbili. Za kwanza zilikuwa za baba zetu: gitaa la Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akainasa sauti yake, na wimbo wake «Masanga» ukavuka mipaka ya nchi nyingi. Baba zetu walimsikiliza jioni, wameketi, kazi imekwisha, wala hakuna aliyethubutu kupiga kelele karibu nao. Za pili tulizitafuta wenyewe. Hizo ndizo twataka kuzisema hapa, kwa kuwa mwaka huu tumezirudia moja moja, baada ya miaka hamsini hivi.

Zilitufikia kutoka kusini. Madereva na wafanyabiashara waliopita mpakani Kasumbalesa walileta santuri ndogo za mizunguko 45 kutoka Ndola na Kitwe. Na usiku redio ya transista ilishika sauti ya Lusaka, ikipotea na kurudi kama mtu asemaye huku upepo ukivuma. Tulikuwa vijana watatu wa shule moja, na gitaa letu lilikuwa moja, tumbo lake debe la mafuta, nyuzi zake waya za breki ya baiskeli. Kinanda cha gramafoni kilikuwa cha jirani, naye alitutoza kuni kwa kila saa tuliyoketi kwake. Siku moja baba yetu aliuliza jina la hao waliokuwa wakiimba. Tukamwambia waitwa The Animals, maana yake Wanyama. Akajibu kwamba hakuhitaji kuambiwa.

Mjukuu wetu ndiye aliyezikusanya nyimbo hizi katika simu yake. Tulimtajia majina, naye akashangaa kwamba babu anayajua. Ikawa kila jioni, baada ya chakula, twasikiliza mbili au tatu, naye hutusomea habari za watungaji. Hapo ndipo lilipotujia jambo ambalo ujanani halikuweza kutujia. Tulipokuwa na miaka 15, waimbaji wale walikuwa watu wazima machoni petu, wakubwa wenye nywele ndefu ambao hakuna mzazi awezaye kuwaamuru. Sasa twapiga hesabu ya miaka yao, na twakuta walikuwa watoto. Eric Burdon, mwenye sauti ile nzito iliyotutisha, alikuwa na miaka 23 tu. Mjukuu wetu ana 22.

Wimbo wake tuliupenda kuliko yote: «The House of the Rising Sun», yaani Nyumba ya Jua Linalochomoza. Waliuimba London tarehe 18 Mei 1964, mara moja tu, bila kurudia, na mwaka uleule ukashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Waanza na gitaa peke yake. Hilton Valentine hapigi nyuzi zote kwa pamoja. Azichukua moja moja, zikipanda na kushuka kama mtu anayepanda ngazi gizani. Kisha chaingia kinanda cha Alan Price, na sauti ya mwimbaji yainuka mpaka karibu ipasuke. Mwenzetu mpiga gitaa alijifunza zile nyuzi kwa majuma mengi, vidole vikitoka malengelenge. Hata baba yetu, ambaye hakuwa na neno jema kwa Wanyama, alisimama mlangoni akamtazama, akasema: «Huyu ameanza kujua. Mwenda naye huchukua nyuzi moja moja.» Kisha akaenda zake. Sifa nyingine hatukupata kwake.

Maneno yake mwalimu wetu wa Kiingereza alitufafanulia ubaoni, akiruka mahali pamoja alipoona hapafai kwa wanafunzi. Ni habari ya kijana ambaye baba yake ni mcheza kamari na mama yake mshonaji, naye amepotezwa na nyumba moja ya New Orleans. Sasa awaonya wengine. Tuliandika hayo katika daftari, tukasahau, tukaendelea kupiga kelele.

Lakini wimbo huo haukuanza na vijana hao wa Newcastle. Ni wa zamani, wala hajulikani aliyeutunga. Mwaka 1937 Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za watu, alifika Middlesboro, katika jimbo la Kentucky, Marekani, mahali pa migodi ya makaa ya mawe, akamkuta msichana wa miaka 16 aitwaye Georgia Turner, binti wa mchimba madini. Huyo alimwimbia. Kwake anayesimulia ni msichana: ni yeye aliyepotea. Tulipomsikia kwa mara ya kwanza, jioni hiyo, tulimwomba mjukuu asiweke wimbo mwingine. Sauti yake ni nyembamba na kavu, hailii wala haitafuti huruma. Tulikua tukiwasikia wasichana wa namna hiyo nyuma ya nyumba za kambi, wakiteka maji na kuimba mambo mazito kwa sauti ya kawaida. Nao Newcastle ni mji wa makaa ya mawe. Basi wimbo umetoka mgodini Kentucky, umepita mji wa makaa Uingereza, umeshuka mpaka migodi ya shaba ya Katanga, na hakuna aliyetuambia kwamba tuna undugu.

Mjukuu alitusomea na jambo la fedha. Santuri ya Wanyama iliandikwa jina moja tu la mpangaji, Alan Price, ingawa walikuwa watano. Majina yote, walisema, hayakuenea katika karatasi. Kwa hiyo malipo ya upangaji yalimfuata yeye, na uchungu wa jambo hilo haukuwatoka wenzake. Ninyi wanafunzi mnaounda makundi ya muziki, andikeni majina yenu yote, hata ikibidi kuandika kwa herufi za sisimizi.

Si kila wimbo uliodumu. Ule wa Iron Butterfly wa mwaka 1968, wenye dakika 17, ambao tuliuona kuwa kilele cha akili za binadamu, sasa tumeushindwa. Goti lilianza kutuuma katikati ya ngoma, na mjukuu alikuwa amelala.

Waliotushangaza zaidi ni jirani zetu. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia, vijana wa rika letu au waliotutangulia kidogo walichukua muziki huo wa roki wakaufanya wao. Kundi lao lililosifika lilikuwa la Kitwe, WITCH, jina lenye herufi za maneno yenye maana ya «Twakusudia kufanya fujo». Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger wa Rolling Stones. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige hasa muziki wa nchini, na agizo hilo liliwafungulia mlango. Tulikuwa na santuri yao «Lazy Bones!!» ya mwaka 1975, ikakwaruzika mpaka ikawa yaimba sentensi moja bila kikomo.

Ujanani tuliwaweka nyuma ya Wazungu, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Leo twawaweka mbele. Magitaa yao yanakoroma kama injini ya lori, lakini ngoma iliyo chini yake twaijua. Ni ya kwetu, yatembea kama watu wanaotoka shambani. Na kuna huzuni ndani yake. Bei ya shaba ilianguka miaka ile, 1974 na 1975, na kwetu kadhalika twakumbuka jinsi duka la kambi lilivyoanza kuwa tupu. Baadaye ukaja ukimwi, ukawachukua wengi wa kizazi kile cha wanamuziki. Wenzake Jagari wa kundi la kwanza wamekwisha kufa wote. Yeye alifundisha muziki, akachimba vito, na katika uzee watu wa Ulaya na Marekani wakamtafuta kwa sababu ya santuri zile za zamani. Mwaka 2023, akiwa amepita miaka 70, alitoa nyimbo mpya na wapigaji wapya katika albamu iitwayo «Zango». Sauti imekauka kidogo. Tumeisikiliza kwa furaha ya kumwona ndugu aliyerudi kutoka safari ambayo wengine hawakurudi.

Zilibaki nyimbo mbili zenye jina la Maria.

Ya kwanza ni «Proud Mary» ya kundi la Creedence Clearwater Revival, iliyotolewa mwaka 1969. Maria huyu ni meli ya mto Mississippi, yenye gurudumu kubwa la kusukuma maji. John Fogerty aliitunga akiwa na miaka 23, alipokuwa ametoka tu kuachiliwa na jeshi, na kijana wa wimbo huo aacha kazi ya mjini na bwana wake, ajitia mtoni, mahali ambapo watu humlisha hata asiye na fedha. Wazee wa kwetu waliopanda meli za Lualaba, kutoka Bukama kwenda Kabalo, wangeuelewa bila mkalimani. Ni wimbo mwepesi, nasi twaupenda kwa wepesi wake. Hatuna zaidi la kusema.

Ya pili ni «Let It Be» ya Beatles, ya mwaka 1970. Kinanda chake ni kama cha kanisani, na mmoja wa waliokipiga, Billy Preston wa Marekani, alikulia katika muziki wa kanisa. Mtungaji, Paul McCartney, asema kwamba Maria humjia wakati wa taabu na neno la faraja. Wanafunzi wa misheni walisikia hivyo na kuimba kwa mikono iliyokunjwa. Hata leo wengi huuimba kwa heshima ya Bikira, na mtungaji mwenyewe amesema hana neno kwa wanaouchukua hivyo.

Yafaa mwajue miaka ile. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa katika Zaire. Kila mtu alipaswa kuwa na jina la asili ya kwetu, na hati za serikali hazikupokea mengine. Mama yake mwenzetu mpiga gitaa alikuwa Maria. Alikufa mwaka 1973, wakati wa mvua. Hati ya kifo iliandikwa jina ambalo majirani hawakulijua, wala yeye mwenyewe hakuwa amelizoea. Mwanawe alikuwa na miaka 15. Hakugombana na karani. Alipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kwa majuma mengi baada ya hapo, jioni, alikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba na gitaa lile la debe, akaimba wimbo huo mmoja. Kila alipofika penye jina, alilitamka kwa sauti kubwa kuliko maneno mengine, mpaka kambi nzima ikasikia. Ilikuwa lugha ya kigeni, nani angemkataza? Sisi tuliketi karibu naye tukipiga debe kwa vidole. Hatukumwuliza kitu, wala yeye hakutueleza.

Basi jioni moja mjukuu wetu alisoma katika simu habari ya wimbo huo. Mama yake Paul McCartney aliitwa Mary, alikuwa muuguzi na mkunga, akafa mwaka 1956 kwa ugonjwa wa saratani, mwanawe akiwa na miaka 14. Miaka zaidi ya kumi baadaye, wakati ndugu wa Beatles walipokuwa wakitengana, alimwona mama yake katika ndoto, akimtuliza. Kutoka ndoto hiyo akatunga.

Tulinyamaza. Mjukuu alifikiri tumelala.

Mwenzetu yu hai. Akaa Kolwezi, mwalimu mstaafu, macho yake yamepungua, gitaa hapigi tena kwa sababu ya vidole. Kesho yake tulimpigia simu, tukamsimulia yote, kama tulivyosomewa. Alisikiliza bila kutukatiza. Tulipomaliza, alikaa kimya hata tukadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza:

«Ndugu yangu, wasema huyo mtoto alikuwa na miaka mingapi?»

«Kumi na minne.»

«Mimi kumi na mitano», akasema.

Akavuta pumzi, akatuuliza unga wa mahindi ni bei gani Lubumbashi juma hili, kwa kuwa kwao umepanda.