French ya jeli: kazi yetu na afya ya mikono yenu



Wengi wenu hutuuliza kwa nini French ya jeli inatuchukua saa moja na nusu, wakati kijana anayepita mitaani akigonganisha chupa zake za verni anamaliza mikono miwili kabla maji ya bukari hayajachemka. Wengine huuliza kwa nini bei yetu iko juu. Juma hili sisi mafundi watatu wa kucha, tunaofanya kazi kwenye meza moja hapa Lubumbashi, tumeomba nafasi ya kujibu. Jibu linagusa afya ya mikono yenu, na pia ya mabinti wanaotaka kujifunza kazi hii.

French ni mtindo wa kuacha ukucha na rangi yake ya asili, au waridi hafifu, kisha kupaka ncha rangi nyeupe. Jina ni la Kifaransa, lakini mtindo ulienea kutoka Marekani miaka ya 1970. Aliyeueneza ni Jeff Pink, mwanzilishi wa kampuni ya Orly, aliyetafuta kucha zitakazowafaa waigizaji wa filamu hata wakibadilisha nguo mara nyingi kwa siku. Mama zetu wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo: Jumamosi inakwenda na kitenge cha arusi, Jumapili inakwenda kanisani, Jumatatu inaingia ofisini bila maneno.

Sasa tofauti ya verni na jeli. Verni ya kawaida inakauka kwa hewa. Jeli ukiipaka ukakaa nayo chumbani kutwa nzima, itabaki mbichi. Ndani yake mna vitu vinavyoitwa akrilati, na mwanga wa taa maalum ndio unaovifunga pamoja mpaka viwe vigumu. Mwanga usipotosha, juu panakuwa pagumu na chini panabaki pabichi. Mteja anaona kucha zinang'aa, analipa, anakwenda. Taabu inaanza siku za mbele.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile saa moja na nusu haiendi kwenye mstari mweupe. Tunaanza kwa kunawa mikono kwa sabuni, fundi na mteja. Kisha tunatazama kidole kimoja kimoja. Ukucha wenye kidonda, wenye fangasi, au wenye rangi ya kijani hatuufuniki. Ile ngozi nyembamba kwenye mzizi wa ukucha tunaisukuma taratibu kwa kijiti, hatuikati, maana ndiyo mlango unaozuia vijidudu kuingia. Tupa tunaipitisha kidogo tu, kuondoa mng'ao. Ukucha ukisuguliwa mpaka uwe mwembamba, mteja ataruka kwa joto akiingiza mkono kwenye taa.

Baada ya hapo jeli ya msingi inapakwa nyembamba, na tunaacha nafasi kama ya milimita 1 kabla ya kufika kwenye ngozi. Jeli ikigusa ngozi, tunaifuta kabla ya taa kuwaka. Vidole vinne vinaingia kwanza, kidole gumba kinaingia peke yake, kwa sababu kikiingia pamoja na vingine kinalala upande na mwanga haukifikii sawasawa.

Mstari mweupe unafuata. Hapo ndipo mkono wa fundi unajulikana. Tunafuata umbo la ukucha wa mtu mwenyewe. Kwa kidole kipana tunaupinda mstari zaidi ili kidole kionekane kirefu, na kwa ukucha mfupi tunachora mstari mwembamba kama uzi. Rangi nyeupe ni nzito na mwanga unaipenya kwa shida, kwa hiyo tunaipaka mara mbili nyembamba, kila mara na taa yake. Anayeipaka nzito mara moja anaokoa dakika chache tu. Mwisho ni jeli ya kumalizia inayofunga mpaka ukingo wa ncha, taa tena, kufuta ule utelezi wa juu, na mafuta kidogo kwenye ngozi.

Taa yenyewe inahitaji umeme wenye nguvu, na ninyi mnajua umeme wa mitaa yetu. Macho yanaona mwanga wa bluu, lakini hayawezi kupima nguvu yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au ukawa unapungua na kurudi, tunasimama. Ndiyo maana kabla ya kununua viti vizuri tulinunua betri na paneli ya jua, kwa zamu yetu ya likelemba. Wateja walitucheka kwa kukaa kwenye viti vya plastiki. Tulicheka nao, tukaendelea.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu ya aleji. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, siku moja mwili unaweza kuikataa. Vidole vinawasha, vinavimba, vinapasuka, na wakati mwingine hata kope za macho, maana mkono hugusa uso. Aleji hiyo ikishaingia, kwa kawaida mtu anabaki nayo maisha yote. Tena, vitu vya ukoo huo wa akrilati hutumiwa na madaktari wa meno kuziba meno, na na wapasuaji kushikiza kiungo cha bandia kwenye mfupa. Mtu anaweza kuipata aleji kwa ajili ya kucha za arusi moja, ikamfuata mpaka kwa daktari wa meno akiwa bibi.

Mwaka jana tulitembelewa na mama wa bibi arusi siku ya Alhamisi, arusi ikiwa Jumamosi. Alikuwa amefanyiwa jeli mahali pengine mara kadhaa, na ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu, zimevimba, zinatoa maji. Alitaka tumfunike kwa French mpya ili watu wasione. Alikuwa na pesa mkononi, na sisi wiki ile tulikuwa hatujatimiza kodi ya nyumba ya kazi. Tulimwambia hapana. Alilia, akasema tunamwaibisha mbele ya wakwe. Tulimkatia kucha fupi bila kupaka kitu, mmoja wetu akamsindikiza kwa daktari wa ngozi. Arusi aliifanya na mikono mitupu, na alicheza mpaka usiku. Ngozi ilipona baada ya wiki nyingi, lakini jeli amekatazwa kabisa. Siku hizi ni yeye anayetuletea wateja, ingawa mwenyewe hakai tena kwenye kiti chetu.

Wengine pia tunawakatalia. Wauguzi na wakunga, dada zetu mnaoshika wagonjwa na watoto wachanga, kwenu kucha zinabaki fupi na za asili. Hayo ndiyo maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, kwa sababu vijidudu hujificha chini ya kucha za bandia hata baada ya kunawa. Watoto nao hatuwapaki jeli, hata mama akibembeleza kwa ajili ya komunyo ya kwanza. Verni ya kawaida inawatosha.

Tazameni pia chupa zinazouzwa sokoni. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka jeli yenye HEMA iandikwe kwamba ni ya mafundi peke yao. Na tangu tarehe 1 Septemba 2025 umekataza kabisa TPO katika vipodozi, kwa sababu majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba inaweza kudhuru uzazi. Soko letu linapokea bidhaa kutoka kila upande. Chupa isiyoandikwa kilicho ndani yake, iacheni hapo hapo, hata ikiwa rahisi.

Nyumbani, kumbukeni mambo haya. Msibandue jeli kwa meno wala kwa kucha nyingine, maana inaondoka na tabaka la ukucha wenyewe. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ulioharibika unahitaji karibu nusu mwaka kurudi. Rudini kwetu tuilainishe kwa asetoni. Na mwenye kuifanya kazi hiyo nyumbani, mbabula yenye makala iwe mbali kabisa: asetoni inashika moto haraka, hata mvuke wake. Mkiosha vyombo, vaeni glavu. Jeli ikiinuka pembeni, msiigandishe kwa gundi, maana maji yanakaa chini yake na ukucha unaoza kijani.

Neno la mwisho ni kwa mama mwenye binti anayetaka kazi hii. Ni kazi nzuri. Minervali ya watoto wetu wa sekondari inatoka kwenye meza hii. Lakini tumeona mama akinunua taa na chupa kumi, kisha anamwambia binti ajifunzie kwa majirani. Anza kwa kumweka kwa fundi anayejua, hata miezi michache, ndipo ununue taa. Kwa sababu mteja anagusana na jeli labda mara moja kwa mwezi, na fundi anaishika kila siku. Akiipata aleji yeye, hapotezi urembo tu, anapoteza kazi na mtaji wote mlioweka.

Mama anayetaka kuja kuona kazi inavyokwenda kabla ya kumtuma binti, aseme na katibu wa chama siku ya mkutano, tupange siku. Kutazama hatutozi.