Siku Maji Yalipozoleka

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Walisema kweli, msomaji mpenzi, ila wahenga hawakujaliwa kamera ya video.

Huenda umewahi kuutazama wimbo The Scientist wa kundi la Coldplay la Uingereza. Video yake ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Jamie Thraves, huenda kinyumenyume: gari lililobondeka linapona, na waliokuwa ndani wanarudi walikotoka. Ajabu ni kwamba midomo ya mwimbaji, Chris Martin, inafuatana na maneno barabara. Alijifunza kuuimba wimbo mzima kuanzia mkiani, akapigwa picha, kisha picha zikageuzwa. Kujifunza huko kulimchukua takriban mwezi mmoja.

Mnamo Agosti 2019, wanafunzi wanne wa chuo kimoja hapa Nairobi walitaka kuiiga video hiyo kwa wimbo wao wa Kiswahili, wakaniomba niwaongoze. Mwezi hatukuwa nao. Tulikuwa na siku tisa tu. Mwimbaji wetu, kijana wa miaka 20, alikuwa ameacha masomo kwa kukosa karo, na mamake alikwisha kuuza runinga na viti ili warudi kwao Busia. Lori lingekuja Jumatatu.

Tuliugeuza wimbo kwenye kompyuta, tukaziandika sauti zake kwa kalamu. Hebu jaribu hapo ulipo: "baba" likigeuzwa huwa "abab", na "pole" huwa "elop". Maneno yetu huishia kwa vokali, kwa hivyo yakigeuzwa huanza kinywa kikiwa wazi, na ulimi ukabaki kutafuta pa kutua. Siku ya tatu ndipo tulipopata nafuu. Kumbe mtazamaji hukagua hasa m, b na p, zile herufi zinazofumba midomo! Hizo zikipatana na wimbo, mengi mengine jicho husamehe.

Jumapili alfajiri tukaanza kazi mtaani Umoja, simu mkononi, spika ikiimba kinyume. Mama akamimina chai, kijana akanywa, wakakumbatiana, akatoka na begi huku akiimba. Njiani akakumba fungu la nyanya za mama mboga, akashika njia ya kituo cha matatu. Watoto walitufuata wakicheka. Wenzangu walitaka kuwafukuza, nikakataa, maana pasipo watu wanaokimbia kinyumenyume nyuma yake nani angejua kuna mzungu wa kula? Mama mboga naye alidai nyanya zake zilizopondeka, tukamlipa. Haki yake.

Tulirudia mara sita, yaani mama huyo aliagana na mwanawe mara sita asubuhi moja. Mara ya mwisho nilipunga mkono kuashiria kijana atoke, lakini mama hakumwachilia. Spika ikaendelea kuimba peke yake. Picha hiyo ndiyo tuliyoichagua, ingawa wimbo ulitupita kidogo.

Jioni tulitazama kwenye kompyuta, tumeketi juu ya magunia yaliyofungwa. Nyanya zilijikusanya zikapanda fungu. Kijana akarudi kutoka kituoni, mlango ukampokea, mikono ya mamake ikamzunguka, chai ikapanda kutoka kikombeni hadi kwenye birika.

"Hebu weka tena hapo anaporudi," mama akasema.

Kijana akaweka. Akaweka tena na tena, mpaka betri ikaisha.